Kava la dayari kwa kanga yenye jina: nianzie wapi kukata?

mwl_korogwe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naombeni msaada kwa mafundi, na kwa yeyote aliyewahi kushona kava la kitambaa la daftari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Korogwe. Mbali na azimio la kazi na andalio la somo, ambavyo ni vya shule, nina dayari yangu mwenyewe. Humo kuna zamu zangu, tarehe za vikao vya wazazi, michango ya kikoba, nani ananidai na nani namdai, na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye kitabu kinachokaguliwa. Inakaa mkoba mmoja na hotpoti, chupa ya maji na boksi la chaki, kwa hiyo jalada limechubuka pembe zote na vumbi la chaki limejaa kwenye mgongo.

Nina kanga ya bibi yangu mzaa mama. Alipofariki tuligawana doti ile, kipande kimoja mimi, kingine dada yangu. Ni nyeupe yenye korosho nyekundu, pindo jeusi, na jina lake ni WEMA HAUOZI. Siivai tena, maana katikati imekonda kiasi kwamba ukiinyoosha dirishani unaona mwembe wa nje. Pindo na jina bado vizima. Nataka kanga hiyo ndiyo iwe kava, na nataka jina lisomeke mbele, lote, dayari ikiwa mezani.

Vipimo vyake: jalada gumu, urefu sentimita 21.5, upana 15, unene 2 ikiwa imefungwa.

Maswali yangu ni haya. Napimaje ili kava lisibane wala lisipwaye? Kanga ni laini, naipa nguvu kwa kitu gani? Cherehani nitakayotumia ni Butterfly ya miguu ya jirani yangu, na ikifika penye tabaka nyingi inaruka mishono. Ningependa pia pawepo mahali pa kuweka kadi ya benki na utepe wa kuonyesha ukurasa. La mwisho, mkono unasita kukata. Kuna aliyewahi kukata kanga ya marehemu na moyo ukatulia?

duka_msamvu

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi nauza vifaa vya shule na ofisi hapa Morogoro. Kwa nini uhangaike na cherehani? Chukua gundi nyeupe ya mbao, paka jalada kwa brashi, lalisha kanga juu, kunja kingo ndani, kisha ubandike karatasi ngumu kufunika kingo hizo. Weka chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Inakaza vizuri, haina mshono hata mmoja. Vitabu vya wageni vya harusi tunavitengeneza hivyo na wateja wanavipenda sana.

fundi_ngamiani

Marahaba mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini. Nashona magauni na sare za shule, lakini makava ya vitabu nayapenda kuliko kazi zote, kwa hiyo nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kwanza nimjibu ndugu wa Morogoro kwa heshima. Njia yake inafaa kwa kitabu cha harusi, kinachokaa kabatini na kufunguliwa kwa nadra. Dayari inaisha Desemba. Ukiibandika kanga ya bibi kwa gundi, mwaka ukiisha na kanga imeisha nayo, huwezi kuibandua wala kuifua. Tena kanga iliyokonda gundi huipenya ikatokea upande wa juu na kuacha mabaka magumu yanayong'aa. Kava la kushona unalivua, unalifua, unalivisha dayari ya mwakani.

Sasa kupima. Mimi kazini nahesabu kwa inchi, ila kwa vitabu natumia sentimita kwa sababu karatasi zenyewe zimepimwa hivyo: A5 ni milimita 148 kwa 210, nusu ya A4. Lakini usishone kwa kipimo cha karatasi. Jalada gumu huzidi karatasi kila upande, na unene wa mgongo kila dayari ina wake. Umefanya vema kupima jalada lenyewe.

Na pima dayari ikiwa IMEFUNGWA. Hili nalirudia kwa kila anayeniletea kazi. Chukua ukanda wa gazeti, uanzie ukingo wa jalada la mbele, uzungushe mgongoni, uishie ukingo wa jalada la nyuma, huku dayari imefungwa na umeibana kwa kiganja. Ikiwa wazi, mgongo hulegea na safari ya kitambaa inakuwa fupi. Ukishona kwa kipimo hicho, kava litaingia bila shida, utafurahi, halafu dayari itakataa kufunga. Ukilazimisha, jalada linapinda kuelekea nje na baada ya muda linang'oka kwenye mgongo.

Yako ni 15 na 2 na 15, jumla 32. Ongeza sentimita 1 ya nafasi, iwe 33. Kila upande ongeza kikunjo cha 7, yaani ile sehemu inayoingia ndani na kulishika jalada. Kikunjo kisipite nusu ya upana wa jalada, vinginevyo kulivisha kunakuwa mateso. Kisha 1.5 kila mwisho kwa ajili ya kupinda. Jumla sentimita 50. Urefu wa kwenda juu: 21.5, jumlisha nusu sentimita ya nafasi, jumlisha 2 za akiba ya mshono, yaani 24. Kwa hiyo kipande cha nje ni 50 kwa 24. Bitana ni 30 kwa 24 tu, haihitaji kufika mwisho, kwa sababu ncha zake zitajificha ndani ya vikunjo.

Kuipa nguvu: nunua kitambaa cha gundi, kile tunachoweka kwenye kola za mashati. Waambie wakupe cha uzito wa kati. Kata 33 kwa 22, yaani sehemu ya katikati pekee. Usikipeleke kwenye vikunjo wala kwenye akiba ya mshono, hapo ndipo unene unapozaliwa na cherehani ya jirani inapoanza kugoma. Upande wenye chembe za gundi utazame nyuma ya kanga. Weka kitambaa chenye unyevu juu, kandamiza pasi, hesabu mpaka kumi polepole, inua, sogea. Usiburute. Ukiburuta, kanga iliyokonda inavutika na herufi zinapinda. Kama unatumia pasi ya mkaa, jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Na ukikosa kitambaa cha gundi, tumia bafta: kata hicho hicho kipimo, ukishikize nyuma ya kanga kwa uzi wa mkono. Kava litakuwa laini zaidi lakini litadumu.

Kuhusu kanga yenyewe. Ulivyoinyoosha dirishani ukaona mwembe, endelea hivyo hivyo kwa kanga nzima. Shika penseli laini, zungushia kila mahali panapopitisha mwanga kuliko pengine. Kanga huanza kukonda pale inapofungwa kifuani na pale unapokalia. Maeneo karibu na pindo mara nyingi yako salama. Kata kutoka huko.

Kadi ya benki ni sentimita 8.5 kwa 5.4, ikisimama wima inaingia kwenye kikunjo chako cha 7. Mfuko wake ushone juu ya kikunjo, kwenye uso wa kanga, kabla hujakunja chochote, na mdomo utazame juu. Usiuweke kwenye bitana. Wengi wanashona mfuko mzuri kwenye bitana kisha jalada linaufunika, hauonekani tena.

Kabla sijaendelea na kushona, nipimie jina. Urefu wa WEMA, urefu wa HAUOZI, nafasi iliyo kati yake, na kimo cha herufi. Hapo ndipo tutajua tunakata wapi.

Kuhusu mkono kusita, nitakujibu kwa ninachokijua. Nimeshona vipande vya kanga za marehemu kwenye mito, kwenye mbeleko za wajukuu, na kwenye makava. Wanaozileta huwa wamezitunza sandukuni miaka mingi, na zikirudi zinatumika kila siku. Kanga ya bibi yako imeshakuwa nyembamba. Ikibaki sandukuni itaendelea kuchakaa kwenye mistari ya kunjo, kwa sababu pamba iliyozeeka hukatika pale pale ilipokunjwa kwa muda mrefu. Ukiikatia kwenye sehemu nzima na kuipa bitana, unakuwa umeiongezea miaka.

binti_kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mie nataka kumtia moyo mwalimu hapo kwenye kukata. Leso, yaani kanga kama mnavyoziita huko, zenyewe zilianza kwa kukatwa na kuungwa. Karne ya 19, wanawake wa mwambao walikuwa wakinunua vitambaa vya mraba vilivyokuwa vikija bado havijatenganishwa, wakivikata na kuviunga sita sita wapate vazi moja. Wenye maduka walipoona vinapendwa ndipo wakaagiza vilivyopigwa chapa kwa kipande kizima. Kwa hivyo mwanamke kushika mkasi juu ya leso ni jambo la tangu hapo.

La pili, angalia ukingoni mwa kanga hiyo kama ina chapa ndogo ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa hapa kwetu, duka lao liko Biashara Street. Ukiikuta, usiitupe. Ipange iangukie kwenye kikunjo cha ndani.

Nina swali kwa fundi pia. Nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, si zitachujana zikifuliwa? Mamangu huloweka na chumvi.

fundi_ngamiani

Ahsante binti, hilo la chapa kwenye kikunjo zuri sana, nami nitalichukua.

Chumvi tumeirithi kwa mama zetu wote, lakini haiishiki rangi ambayo tayari imeshapigwa kiwandani. Kanga kuukuu imeshafuliwa mara nyingi, kilichokuwa cha kutoka kimetoka. Wasiwasi wangu uko kwenye kitenge kipya cha bitana, huyo ndiye mchafuzi. Lowesha kitambaa cheupe, kikandamize kwenye pembe ya kitenge kwa muda, ukiona doa basi kifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Na hata kisipotoa rangi, kifue kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga na kitasinyaa. Kanga yako haitasinyaa tena. Ukizishona pamoja bila kufua, siku ya kwanza ya kulifua kava, bitana itajivuta na kava zima litajikunja kuelekea ndani.

mwl_korogwe

Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili. Dada yangu nimempigia, naye amesema nikate.

Jina: WEMA ni sentimita 8, HAUOZI ni 13, nafasi katikati ni 4. Jumla 25. Herufi zina kimo cha 3. Chapa ya K.H.E. haipo, ukingo ule umeshapindwa upya kwa mkono, nadhani ni bibi mwenyewe.

Nilipozungushia kanga dayari ili nione, HAUOZI ilikaa mbele na WEMA ikaenda nyuma. Mtu akiiona mezani anasoma HAUOZI peke yake. Sipendi hivyo. Bibi alikuwa akilisema jina hili lote, kila mara, kwa kila aliyebisha hodi kuomba chumvi au moto.

fundi_ngamiani

Vizuri umepima, sasa tunaona kitu. Jalada la mbele lina 15, jina lina 25, kwa mstari mmoja haliingii. Lakini HAUOZI ya 13 inaingia mbele na kubakiza sentimita moja kila upande. Kwa hiyo tuweke mistari miwili: HAUOZI ibaki kwenye kitambaa chake, na WEMA tuikate kama kiraka, tukiweke juu yake.

Shida ni hii: WEMA na HAUOZI ziko kwenye mstari mmoja. Ukikata kipande kizima cha 50 na ukaiweka HAUOZI katikati ya jalada la mbele, WEMA inaangukia mgongoni na nyuma. Ukiitoa hapo, unabaki na shimo. Kwa hiyo kipande cha nje kisiwe kimoja. Kiwe viwili, na muungo uwe pale mgongo unapokutana na jalada la mbele.

Kipande cha mbele kina upana wa 25: 1.5 ya kupinda, 7 ya kikunjo, 15.5 ya jalada na nafasi yake, na 1 ya kuunganisha. Kipande cha nyuma kina 27: 1.5, 7, 15.5, mgongo 2, na 1 ya kuunganisha. Ukishaunga, sentimita 2 zinaingia ndani ya mshono, unabaki na 50 ile ile. Cha nyuma ukikate popote penye korosho nzuri na kitambaa kizima.

Kwenye kipande cha mbele, katikati ya HAUOZI iwe sentimita 16 na robo kutoka ukingo wa kulia. Usiipime kutoka katikati ya kipande, utakosea, maana kulia kuna kikunjo kitakachopotea ndani. Ukifanya hivyo, mkasi utapita sentimita 2 na robo kutoka herufi ya H kwa upande wa kushoto, na katika ile nafasi ya 4 unabakiwa na 1 na robo tatu kabla ya kufika A ya WEMA. Inatosha kabisa. Kiraka cha WEMA kikate 11 kwa 6: nusu sentimita ya kuonekana na sentimita moja ya kukunja, pande zote. Kikishakunjwa kitakuwa 9 kwa 4.

Chora yote mawili kwa chaki kabla mkasi haujagusa kitu. Jina liko moja tu kwenye kanga, hakuna la akiba.

Ili uone kabla ya kukata, fanya dirisha. Chukua gazeti, kata tundu la 15 kwa 22, yaani ukubwa wa uso wa dayari ikishavaa kava. Lilaze juu ya kanga na ulisogeze taratibu. Kinachoonekana ndani ya tundu ndicho kitakachoonekana mezani. Shusha dirisha mpaka pindo jeusi lichukue vidole vitatu chini, HAUOZI ikae juu yake, na pale juu pawe na nafasi ya WEMA na korosho kidogo. Ukifika mahali moyo ukasema hapa, weka alama kwenye pembe nne. Mimi kazi hii naifanya asubuhi kwenye mwanga, na nakaa nayo. Kukata kwenyewe ni dakika tu.

Mpangilio wa kushona sasa. Unga mbele na nyuma, uso kwa uso, kwa akiba ya sentimita 1. Fungua mshono, upige pasi ulale pande zote mbili. Bandika kitambaa cha gundi. Kisha kunja kingo za WEMA, piga pasi, shikiza kwa pini juu ya HAUOZI, acha kidole kimoja kati yao, na upitishe cherehani ukingoni kabisa kwa uzi mweupe. Shona mfuko wa kadi kwenye kikunjo. Pinda ncha mbili za kipande cha nje, nusu kisha moja. Ncha za bitana nazo zikunje sentimita moja na uzishone.

Hapa sasa soma polepole. Laza kanga mezani, uso ukitazama juu. Kunja vile vikunjo viwili vya 7 kuelekea katikati, uso kwa uso. Utepe wa sentimita 30 uweke juu, karibu na mgongo, ncha yake ikiwa sawa na ukingo wa juu na mkia ukilala ndani. Mkia uukunje na kuushikiza kwa pini katikati, usije ukashonwa na mshono wa chini. Kisha bitana juu ya yote, uso ukitazama chini. Shona mstari wa juu kuanzia mwisho hadi mwisho, kisha wa chini, kwa akiba ya sentimita 1. Pembeni usishone kitu. Kata zile pembe nne kwa mshazari bila kugusa mshono. Sasa ingiza mkono kwenye mdomo wa bitana na ugeuze. Kanga inatoka nje, bitana inakaa ndani, na vikunjo vinajigeuza vyenyewe na kuifunika ncha ya bitana. Kila mshono umejificha. Pembe zisukume kwa kijiti cha mshikaki, si kwa ncha ya mkasi.

Kuhusu Butterfly kuruka mishono: tazama sindano kwanza. Iliyojikunja kidogo kwa jicho huioni, ilaze juu ya kioo uone kama inalala sawa. Weka mpya, namba 16, kwa ile mistari miwili ya mwisho. Kwa kiraka cha WEMA namba 14 inatosha, kubwa itaacha matundu kwenye kanga nyembamba. Refusha mshono kidogo, kama milimita 3. Mashine huruka pale mguu wake unapopanda ngazi, ukiwa mbele juu na nyuma chini, sindano inaingia kwa mshazari. Basi kunja kipande cha kitambaa mpaka kifikie unene ule, ukiweke chini ya mguu kwa nyuma, mguu ulale sawa. Na pale penye upindo wa kikunjo acha kukanyaga. Zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, hadi uvuke.

mama_soweto_mbeya

Nami niongeze kwa wasio na cherehani. Kava kama hili nimelishona kwa mkono tupu, la daftari la kwaya. Uzi mara mbili, niliupitisha kwenye nta ya mshumaa usijifunge mafundo. Mshono wa kurudi nyuma: unachoma mbele hatua moja, unarudi ulikotoka, unatokea mbele ya zote. Ukiweka hatua fupi kama punje ya mchele, linashika sawasawa na la mashine. Kwenye pembe choma mara mbili palepale. Kwa kanga iliyozeeka naona mkono ni mpole kuliko cherehani, maana unasikia kitambaa kinapokataa.

fundi_ngamiani

Dada wa Mbeya amenena. Mwalimu, kile kiraka cha WEMA ukiweza kishone kwa mkono namna hiyo, kisha mistari mirefu ipeleke mashineni.

duka_msamvu

Nimejifunza, fundi. Kwa upande wangu niseme moja la dukani. Dayari za A5 hazilingani jalada kwa jalada, kila mtengenezaji ana unene wake, na zile za ukurasa mmoja kwa siku ni nene kuliko za wiki kwa ukurasa. Mwalimu, mwakani usinunue dayari kwa kutaja A5. Njoo dukani na kava lako, ulivishe hapo hapo kabla ya kulipa. Hakuna muuza duka mwenye akili atakayekukatalia.

Na wanaotumia kaunta buku, kipimo cha mgongo ndicho hubadilika zaidi. Ya kwaya 2 (quire, kile kipimo cha wingi wa karatasi, si kwaya ya kuimba) ina kurasa 192, ya kwaya 4 ina 384, sura ni ile ile lakini kava haliwezi kuwa moja.

mwl_korogwe

Nimekata! Nilifanya dirisha la gazeti jana jioni, nikalirudia leo asubuhi kabla ya kwenda kazini, na pale pale palinipendeza mara zote mbili. WEMA nimeishona kwa mkono nikiwa zamu, wanafunzi wakiwa mapumziko, na mwalimu mwenzangu amekaa kando yangu akinishikia kitambaa kisivutike. Muungo umeshalala kwa pasi. Mistari mirefu nitaipiga Jumamosi kwa jirani, sindano namba 16 nimeshanunua.

Swali moja limebaki. Likichafuka nalifuaje? Chaki na mafuta ya chakula hayakwepeki kwenye mkoba wangu.

fundi_ngamiani

Hongera mwalimu, na mshukuru huyo mwenzio.

Chaki usiiloweshe. Livue kava, likung'ute nje, kisha upige brashi kavu ya nguo. Ukimwagia maji kwanza, vumbi linakuwa uji na kuzama ndani ya nyuzi. Doa la mafuta lipake sabuni ya kipande, lisugue kwa kidole upande wa bitana pia, acha kidogo, suuza. Kava zima fua kwa mkono, maji baridi, bila kulinyonga. Likandamize ndani ya taulo, lianike kivulini likiwa limelala, kwa sababu kulitundika kwa ncha moja kunavuta vikunjo. Likiwa bado na unyevu kidogo lipige pasi kutoka ndani, kwenye bitana, ili kile kitambaa cha gundi kishike tena mahali kilipoanza kuachia.

Na usilivishe dayari mpaka likauke kabisa, hata ndani ya vikunjo. Ingiza vidole uhakikishe. Jalada gumu ni karatasi iliyoshindiliwa, likinyonya unyevu linapinda na haliwezi kunyooshwa, na ukungu utaanzia hapo hapo kwenye kanga.